Jina Lililofunikwa

Siku ambayo duara, shimo la wachimba dhahabu, lilimfukia Wangwe, mkewe Ghati alikuwa uani anaanika mtama. Alisikia nyuzi za litungu la mumewe zikija barabarani, na sauti yake akiimba wimbo aliokuwa ameutunga, akamwambia binti yao Waisiko akimbie kumpokea baba. Iliyofika ni pikipiki ya Rubeni, rafiki wa Wangwe, wimbo ukilia kwenye spika. Rubeni aliuzima kabla hajavua kofia.

Miezi kadhaa baada ya matanga, Ghati alikwenda Bomani kwa Faridu, fundi aliyemrekodi Wangwe na kuuza nyimbo kwenye memori kadi. Mwishoni mwa wimbo Wangwe alikuwa amemwita mtoto wake kwa jina. Lakini Faridu alikuwa na desturi ya kupachika kila wimbo sauti ya mwanamke, "Faridu Studio, Bomani," ili wezi wasiuchukue. Kwenye wimbo wa Wangwe sauti hiyo ilikaa juu ya jina la Waisiko.

"Nitolee hiyo sauti, kaka Faridu. Mtoto ameanza kumsahau baba yake. Nataka amsikie akimwita."

"Haitoki, mama Waisiko. Imeshikana na wimbo. Ule safi ulikufa na kompyuta yangu ya zamani." Akashusha sauti. "Niliiweka wasimwibie mumeo."

Na simu ya Wangwe, iliyokuwa na nakala nyingine safi, ilibaki shimoni.

Ghati alirudi kwa pikipiki ya Rubeni, akamsimulia yote. Rubeni alipunguza mwendo, mwisho akasimama kando ya barabara.

"Shemeji, hutaniuza kwa Faridu?"

"Nikuuze una bei gani wewe?"

"Wangwe alinirushia wimbo kwa simu siku ileile ya kurekodi, kabla halijawekwa lile limama la studio. Ndio ninaoupiga huku vijijini. Nikikaribia duka la Faridu nazima, maana aliapa kutupeleka polisi wote tunaorushiana."

Wakageuza kurudi Bomani, na Rubeni akamkabidhi Faridu simu yake.

"Kumbe mwizi wangu ni wewe," Faridu alisema.

"Ndiye mimi, bosi."

Faridu aliusikiliza wimbo mpaka pale Wangwe anapocheka kidogo na kuita, "Waisiko, uko wapi?" Akapangusa kioo cha simu kilichokuwa safi tayari.

"Kisheria wimbo ni wa aliyeutunga," alisema, "na akifa ni wa warithi wake. Mimi alinipa ruhusa ya kuuza tu. Sasa useme wewe, mama Waisiko. Tuufunge, au tuwaache watu warushiane?"

Ghati aliifikiria simu iliyozikwa, na kompyuta iliyokufa, na wimbo uliosalia mfukoni mwa mtu anayeogopa polisi.

"Mrushieni kila anayeomba," alisema. "Ila Wangwe mmtaje, na jina la mtoto msilifunike."

Siku hizi wimbo hupita mbele ya nyumba ya Ghati karibu kila asubuhi, kwenye pikipiki za watu asiowajua. Ukifika mwisho, Waisiko huacha anachofanya na kuitika, "Bee, baba. Niko hapa."