Mshale Ukutani

Mshale mweupe wa kompyuta ulikuwa ukitangatanga ukutani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Ulipanda juu, ukashuka, ukagonga pembe ya picha, ukarudi ulikotoka. Ukatua juu ya neno lisilo la kubonyezwa, ukalibonyeza. Vijana wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, Mungu ni shahidi. Kilikuwa kicheko cha watu wanaomtazama mtoto akijifunza kutembea. Lakini mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba mapajani, na nilijua kwamba mtoto huyo ana mvi. Mshale ule ulikuwa mkono wangu.

Mbele ya ukumbi alisimama kitindamimba wangu. Yeye hakucheka. Aliutazama ukuta kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike.

Siku ile ndiyo aliyoifanyia kazi mwaka mzima. Chuo kilikuwa kinachagua wanafunzi wachache wa kupelekwa kwenye kampuni zinazotengeneza tovuti, na wasiochaguliwa walipewa mkono wa kwaheri. Mwanangu alikuwa ameacha kazi ya mapokezi, kazi ya kutabasamu na kufungua mlango, ili ajifunze hii. Akikosa, angerudi kutabasamu.

Alijifunzia nyumbani, kwenye chumba changu cha kushonea, maana ndicho chenye mwanga. Mimi upande huu na cherehani, yeye upande ule na kompyuta, katikati yetu mkasi na bakuli la vifungo. Kila mmoja na mlio wake. Wangu unanguruma, wake unadonoa kama kuku. Akikwama, alinieleza mimi tatizo lake. Hakutaka nimjibu, alitaka tu alisikie mwenyewe likisemwa.

Aliniambia tovuti za zamani zilikuwa kama tangazo la ukutani, unasoma, unaondoka zako. Siku hizi mtu akiigusa lazima imjibu. Tena aliniambia ukurasa wa sasa hushonwa kwa vipande. Ukigusa mkono wa gauni, mkono peke yake ndio unaobadilika, gauni zima halifumuliwi. Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Nimefumua magauni mazima kwa ajili ya mkono mmoja, nikiwa msichana, kabla sijajua kazi.

Kwa hiyo aliposema kazi yake ya mwisho itakuwa tovuti ya cherehani yangu, moyo ulinijaa. Mteja akae kwake, achague kola, achague mikono, aandike vipimo, na gauni lililochorwa libadilike mbele ya macho yake. Nilimwona akilichora gauni lile. Kiunoni lilikuwa na mikunjo yangu mimi, ile ninayoikunja kwa kucha kabla ya kupiga pasi. Hakunieleza kuwa ameiiga, nami sikusema kuwa nimeiona.

Alasiri moja, wateja wameondoka, alinivutia kiti mbele ya kompyuta. Akasema nijifanye mteja, niagize gauni, na niseme kwa sauti kila ninachofikiria.

“Mimi sitakusaidia, Mama,” akasema. “Hata ukikwama.”

Kisha akaketi kando yangu, akaiweka mikono yake chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa peremende za wageni.

Sikujua kuwa hiyo ndiyo sheria ya kazi yao. Wanafundishwa kwamba mtu akihangaika usimwokoe, kwa sababu pale anapokwama yeye ndipo ulipokosea wewe. Mimi niliona tu mwanangu akinitazama nikizama, na mikono yake ameikalia.

Nami niliwahi kutazamwa hivyo. Shule yangu iliishia shule ya msingi, na kilichobaki kichwani si hesabu. Ni ubao mweusi, chaki mkononi mwangu, na mwalimu amesimama nyuma yangu bila kusema kitu, akisubiri nikosee. Unaweza kuzeeka, ukazaa, ukazika, na kimya cha aina ile kikakukuta palepale ulipokiacha. Nilikuwa nimeambiwa niseme kila ninachofikiria. Nikanyamaza kama maji mtungini.

Nilichagua kola ya duara. Gauni likabadilika, na kwa dakika ile nilifurahi kama msichana. Nikachagua mikono mirefu, nikaandika vipimo. Kisha nikatafuta mahali pa kuagizia, nisipaone. Kitufe chenyewe kilikuwa hakijitokezi mpaka mshale upite juu yake, kama mtu anayejificha nyuma ya pazia. Nilizunguka, jasho jembamba likinitoka. Nilipokipata nikakibonyeza, na ukurasa haukusema kitu, basi nikabonyeza tena, na tena. Kila nilipobonyeza, gauni moja lilizaa jingine.

Mwisho likatokea sanduku dogo lenye swali. “Je, una uhakika?” Chini yake Ndiyo, na Hapana.

Nikabonyeza Hapana. Kila kitu kikafutika, ukurasa ukabaki mweupe.

Nikaanza upya. Kola ya duara, mikono mirefu, vipimo. Swali likaja lilelile, nami nikajibu vilevile. Nilisikia mwanangu akivuta pumzi kwa pua.

“Mama, hapo unafikiria nini?”

Nikamwambia macho yangu yamechoka. Akasema basi inatosha, na sauti yake ilikuwa ya upole mno, ule upole wa kumpokea mgonjwa. Aliniuliza kama anaweza kulipeleka jaribio lile darasani. Nilidhani ni karatasi atakayompa mwalimu wake. Nikakubali.

“Lakini nisitiri, mwanangu. Usimwambie mtu kuwa ni mimi.”

“Sitasema, Mama.”

Sikujua kuwa mashine ile huhifadhi kila hatua ya mshale.

Wazazi walikaribishwa siku ya maonyesho. Yeye aliniambia kama nina kazi nyingi si lazima nifike, akalisema tena asubuhi yake, akifunga viatu. Nikaona ni adabu tu ya mtoto asiyetaka kumsumbua mama yake. Nilivaa gauni langu zuri, nikapaka mafuta mikononi, nikaenda. Nikiwa nimekaa pale nyuma ndipo nikaelewa kuwa alikuwa akijaribu kunisitiri hata dhidi ya miguu yangu mwenyewe.

Ukutani magauni yakaanza kuzaana. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye maneno, wenzake wakimwita Redio. Akasema huyo mteja anavisha harusi nzima na bwana harusi mwenyewe bado hajapatikana. Ukumbi ukaangua kicheko. Ilipofika Hapana ya pili, Redio akasema mtu huyu anabishana na kompyuta, tena anashinda. Hata mimi ningecheka, kama mshale ungekuwa wa mwingine. Nilitazama vifungo vya gauni langu. Nilitamani sakafu ifunguke, si kwa ghafla, ifunguke polepole tu, nishuke bila kumsumbua mtu.

Mwalimu wao, bwana mkimya mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliinua mkono, na ukumbi ukatulia. Akamwambia mwanangu kuwa habari ya kitufe kilichojificha ameieleza vizuri, na habari ya ukurasa usiojibu pia ameieleza.

“Lakini hii Hapana. Mara ya kwanza tuseme mkono umeteleza. Mara ya pili je?”

“Bado sijui,” akasema mwanangu.

“Hukumuuliza?”

“Nilimuuliza. Hakusema.”

Redio akasema labda hajui kusoma. Mwalimu akageuza kichwa kwa mwanangu, kuona kama ndivyo. Kama hajui kusoma, akasema, basi umemchagua mtu asiyefaa kwa jaribio hili, na kazi imeharibikia hapo.

“Anajua kusoma,” mwanangu akasema. “Anasoma kila alfajiri, kabla hatujaamka.”

“Ni nani huyo?”

Mwanangu akatazama chini. Viatu vyake nilikuwa nimevipiga rangi mimi.

“Aliniomba nisimtaje.”

Mwalimu akasema hilo ni sawa, watu wana haki ya kufichwa majina. Lakini kazi yao si kuonyesha kwamba mtu amekwama. Mtoto mdogo anaweza kuonyesha hilo. Kazi yao ni kujua kwa nini. “Bila sababu,” akasema, “hujamaliza.”

Sababu nilikuwa nayo mimi, nimeifunika kwa mkoba.

Baba yake alikuwa mtu wa mzaha na wa haraka. Asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, alisimama mlangoni, kofia mkononi, na mimi nikamsihi awahi kurudi kwa kuwa mtoto alikuwa na homa. Mtoto mwenyewe ndiye huyu. Akanicheka kwa kuwa na wasiwasi, akasema, “Nina uhakika, mama watoto. Kabla ya jua kuzama niko hapa.” Kabla ya jua kuzama alikuwa hapo kweli. Alibebwa na wengine.

Tangu siku ile sijawahi kusema kwamba nina uhakika. Wateja wangu wanalijua hilo, wanalitania. Ukiniuliza kama gauni litakuwa tayari Ijumaa, nitakujibu Mungu akipenda, hata kama limebaki kifungo kimoja. Uhakika ni wake Yeye, sisi tuna matumaini tu. Na sasa mashine inanisimamisha mbele ya mwanangu na kuniuliza, hivihivi, uso mkavu, kama ninao. Ningeibonyezaje Ndiyo?

Mwanangu hakujua. Alikuwa mchanga, na mimi sikuwahi kumsimulia maneno ya mwisho ya baba yake, kwa sababu yalikuwa ya uongo.

Mwalimu alikuwa ameanza kukunja karatasi zake. Nikapiga moyo konde. Nilisikia sauti ikitoka, nyembamba, kana kwamba imeazimwa kwa jirani.

“Labda aliogopa kuapa.”

Vichwa vikageuka. Mwalimu akaivaa miwani yake, akanitafuta mpaka akanipata.

“Unasemaje, mama?”

“Huyo mtu. Ameulizwa kama ana uhakika. Wako watu hawana uhakika na kesho, baba. Wakisema ndiyo, wanaona wamemwapia Mungu jambo wasilolijua. Kwa hiyo wanasema hapana. Si kwamba hawalitaki gauni.”

Mahali fulani kijana mmoja akaanza kucheka, kisha akaacha. Mwalimu akasogea hatua moja kuja kwangu.

“Kwani unamjua, mama?”

Mlango wa kusema ni mimi ulikuwa wazi kabisa. Mwanangu alikuwa ameinua uso, ananiangalia moja kwa moja juu ya vichwa vyote vile. Hakuwa ananisihi, wala kunikataza. Alikuwa ametulia tu, mikono ameiweka nyuma, kama alivyoikalia alasiri ile. Alikuwa ananiacha nitafute kitufe mwenyewe.

“Namjua kidogo,” nikasema.

Mwalimu akaandika kitu, akasema hilo ni jambo la kufikiriwa, akamwita mwanafunzi mwingine. Mwanangu akazima picha. Mshale ulibaki umetua juu ya Hapana mpaka mwanga ulipokatika.

Nilitoka kabla hawajamaliza. Watu husema uso umeumbwa na haya, na wangu siku ile ulikuwa na haya za kumtosha mtu na jirani zake. Lakini kicheko cha wale vijana kiliniishia getini. Walikuwa watoto, na jambo lenyewe lilichekesha. Kilichonifuata mpaka nyumbani kilikuwa kingine. Mwanangu aliulizwa mimi ni nani, na kazi yake ikiwa imening'inia kwenye jibu, akaishika ahadi aliyoniahidi. Mimi niliulizwa, wala hakuna aliyekuwa amenifunga mdomo, nikajikana.

Alirudi jioni. Alikuwa anavua viatu aliponiambia wamemchagua, kwa sauti ile anayoniambia nayo kuwa maji yamerudi bombani. Nikamshukuru Mungu, nikainuka nikamkumbatia, naye akanipigapiga mgongo. Hatukusema habari ya ukumbi.

Siku kadhaa baadaye, alasiri tena, alinivutia kiti. Akaketi kando, akaikalia mikono yake. Nikachagua kola ya duara na mikono mirefu, na safari hii nikasema kwa sauti, nikiona aibu, sasa natafuta kola, sasa natafuta mikono. Kitufe nilikiona tangu mbali, kipana, kama mtu aliyesimama barazani akikungojea. Nilipokibonyeza, ukurasa ukaitikia hapohapo. Kisha likaja sanduku, nami nikajiandaa.

“Tuanze kushona?” liliuliza. Chini yake, Tuanze, na Bado kidogo.

Nikabonyeza Tuanze. Likanijibu kuwa wamelipokea gauni langu, na likiwa tayari wataniambia. Halikutaja siku.

Nilivua miwani nikaifuta, ingawa ilikuwa safi.

“Mama,” akasema mwanangu, akiitazama kompyuta, “yule mtu unayemjua kidogo, hajambo?”

“Hajambo. Ana haya tu.”

“Mwambie hata mimi sikulala vizuri. Jina lake lilikuwa limenifika hapa.” Akautoa mkono mmoja chini ya paja, akagusa koo. “Mwambie ningelitaja kwa fahari.”

“Nitamwambia,” nikasema, “Mungu akipenda.”

Akacheka kidogo, akaenda kutafuta chaja yake. Mimi nikarudi kwenye cherehani, nikautunga uzi, ukakosa tundu, nikautunga tena. Ujumbe wa mtu ni amana, na katika maisha yangu sijala amana ya mtu. Huo mmoja bado ninao, sijaufikisha.