Paka Aliyesifiwa Kama Ng'ombe

Mzee Cyriaque wa Kinyinya, Kigali, alikuwa na neno moja tu kuhusu paka: hakamuliwi. Basi ukija kuposa binti yake Umutoni, na mali yako yote ni paka mmoja, utarajie nini? Jean-Bosco, mpishi wa mtaa wa Gitega humo humo Kigali, alishaposa mara mbili, na mara zote alirudi mikono mitupu kama alivyokwenda.

"Paka haina ukoo," mzee alimwambia. "Na mtu ya paka je?"

Lakini yule hakuwa paka wa kuokota jalalani, jamani. Alikuwa paka wa Kiajemi, mweupe, manyoya tele, uso bapa kama aliyegonga mlango, jina lake Duchesse. Bibi wa Kibelgiji aliyemwajiri Jean-Bosco alimwachia vita vilipoanza, pamoja na cheti cha nasaba, kisha akapanda ndege akaenda zake. Sasa, mwaka wa tisini na mbili, wazungu wa Bujumbura walikuwa wameandaa mashindano ya paka wa nasaba. Jean-Bosco akaona hii ndiyo nafasi yake ya mwisho: Duchesse akitunukiwa mbele za watu, mzee atakosa la kusema. Akamwalika safari. Mzee alikubali kwa sababu ana dada yake huko, si kwa lingine, na alilisema hilo kabla ya kupanda gari na baada ya kupanda.

Njiani, askari wa kila kizuizi walichungulia kikapu wakacheka. Ili kupitisha muda, Jean-Bosco akawa anasoma cheti kwa sauti: Duchesse binti Mirabelle, binti Colette...

"Na Colette, nani alizaa yeye?" mzee akauliza, macho dirishani, kama mtu asiyejali.

Kinyinya nzima inajua kwamba Cyriaque ni msifu ng'ombe. Harusini yeye ndiye husimama na fimbo akawasifu ng'ombe wa mahari, mama zao na bibi zao, bila kukwama. Akisikia ukoo, sikio husimama lenyewe. Walipofika mpakani alishamkariri Duchesse hadi kizazi cha nne.

Ukumbini, jaji alikuwa mama wa Kifaransa mwenye miwani. Akamnyanyua Duchesse, akamfunua midomo, akampapasa mkia. Watu kimya kama msibani. Kwenye kiti cha nyuma Cyriaque alianza kutokwa jasho. Mnyama wa ukoo, aonyeshwe hadharani bila hata neno moja! Hayo yalikuwa matusi, na uvumilivu ukamwishia. Akasimama, akainua mwavuli badala ya fimbo, akaanza kwa Kinyarwanda:

"Ndiye Dushesi, mweupe asiyeshikwa na vumbi la Kigali! Wa Mirabela, wa Koleta, wa mabibi wasiochanwa manyoya na mtu mmoja! Panya wakisikia nyayo zake huagana na watoto wao!"

Wahudumu wa Kirundi, ambao Kinyarwanda wanakisikia bila taabu, wakaweka sinia chini wakaanza kupiga makofi. Mzee akapata moto.

"Ndiye wa Jean-Bosco, mwana wa..."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sifa haziishi bila kutaja mwenye mali na watu wake, na Cyriaque, kwa dharau yake, hakuwahi kumwuliza kijana jina la baba yake. Msifu akikwama, ni aibu hadi kaburini. Likamtoka jina pekee alilokuwa nalo:

"...ndiye wa Jean-Bosco, mkwe wa Cyriaque!"

Ukumbi ukalipuka. Duchesse alishapanda pazia. Jaji, akitetemeka kwa hasira, akamfuta kwenye mashindano na kuwaonyesha wote watatu mlango.

Nje, Jean-Bosco alikumbatia kikapu, machozi karibu. Neno lile alikuwa amelisikia, lakini aliogopa kuligusa.

"Mzee, pole. Nimekuletea aibu."

Cyriaque aliketi kwenye ngazi, akajifuta jasho. Alikuwa na hasira ya mtu aliyejifungia nje mwenyewe na funguo ziko ndani.

"Mimi hapana jua kusifia uongo," alisema. "Tangu kijana, hata siku moja. Na watu yote ile imesikia." Akamtazama Jean-Bosco kwa mara ya kwanza tangu Kigali, akamtazama sana. "Haya, sema. Baba yako anaitwa nani?"

Jean-Bosco akafungua mdomo, na kwa furaha jina la baba yake mzazi likamtoka kichwani kabisa.