Mwenye Bahati Haogi

Mdogo wangu Mayala alipoanza kusikia mwamba ukimsemesha, hakuna aliyesema anaumwa. Walisema ana bahati.

Alikuwa fundi wa matimba kwenye machimbo madogo ya dhahabu, upande wa Geita. Matimba ni ile miti inayofungwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kuta zisiporomoke zikawafukia waliomo chini. Ni kazi ya watu wachache. Ukifunga vibaya watu wanakufa, ukifunga vizuri hakuna anayekukumbuka. Mayala walimkumbuka. Kulikuwa na wachimbaji waliokuwa hawashuki duara ambalo hakulifunga yeye, na alikuwa kijana bado, ana mke na mtoto wa kike, Kabula, anayetambaa.

Mimi nina mashine ya kusaga pale Tinde. Nilikuwa nasaga siku shemeji yangu Nyamizi aliponipigia, nikatoka nje nipate kumsikia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kabula hajambo?"

"Hajambo. Shemeji, ndugu yako halali. Haogi. Anaongea peke yake, masikio ameyaziba kwa pamba. Anasema kuna watu wako Kalangalala, kule mjini, wanamsengenya kupitia winchi ya duara."

"Amelewa?"

"Hanywi, hata bangi hajui. Nikiwaambia wenzake anaumwa wananicheka. Eti, 'Mama Kabula, mumeo ameshika mwiko, wewe unakimbilia sabuni?'"

Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Machimboni mtu anayeisaka bahati haogi. Hafui nguo, halali na mkewe, hakati nywele, mpaka jiwe litoke. Kwa hiyo kijana anayeanza kuharibika akili na kijana aliyeshika mwiko ukiwasimamisha pamoja huwezi kuwatofautisha. Wote wananuka, wote macho mekundu, wote hawataki kuguswa. Kijijini mtu angeuliza, huyu vipi? Kule walimpisha njia.

Kisha Mayala akaweka sikio kwenye ukuta wa duara akasema, "Hapa. Wanagonga, wanataka kutoka." Mwenye duara, mtu anaitwa Amosi, akaamuru pachimbwe pale. Jiwe likatoka, na dhahabu ilikuwa inaonekana kwa macho. Ilitokea mara hiyo moja tu. Wazee wa kazi walikuja kuniambia baadaye kwamba mkanda wa dhahabu ulikuwa unaelekea upande ule ule, hata mbuzi angepiga kwato pale angesifiwa. Lakini nani alitaka kusikia habari hizo siku watu wanapogawana mifuko ya mawe?

Amosi akampa kiti. Cha plastiki, chekundu, chini ya turubai, mdomoni mwa duara. Asishuke tena, asifunge matimba, kazi yake kukaa na kusikiliza. Analetewa kuku. Na asioge.

Nilikwenda. Nilimkuta ndugu yangu amekaa kama chifu wa kuchonga, nywele zimeshikana, midomo inacheza bila sauti. Alinitazama akanijua, kisha akacheka kitu ambacho mimi sikukisema.

"Amosi," nikasema, "huyu ni mgonjwa. Nampeleka hospitali."

"Kaka Maganga, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nampeleka."

"Mgonjwa wa nini? Ana homa? Mguse."

"Anaongea na mawe."

"Na mawe yanamjibu! Wewe yanakujibu?" Vijana wake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mzee wa pumba huyo, yeye anaongea na mahindi!"

"Mtu halali, Amosi."

"Atalala tukimaliza huu mkanda. Nyie mna wivu. Mtu akipata, ndugu wanaleta hospitali."

Nikamshika Mayala mkono. Akaunyakua. "Kaka, wewe ni wao," akasema. "Wamekutuma." Nikaangalia nyuma, watu walikuwa wameshasimama, na mikononi wana moko, vile vyuma vyao vya kupasulia mwamba. Niliondoka. Nilirudi tena baada ya mavuno, safari hiyo walinitoa kwa mawe. Mama yetu alikuwa upande wao. Alisema ni masamva, ni babu zetu wamemchagua, na mtu aliyechaguliwa hachomwi sindano. Akamtumia kuku mweupe. Nilimwambia, "Mayu, babu alikuwa mchunga ng'ombe, dhahabu kaijulia wapi?" Hakunisemesha mpaka masika.

Basi misimu miwili ya kulima ikapita ndugu yangu yuko kwenye kiti. Jiwe la pili halikutoka. Kila walipokosa, Amosi alisema kuna mtu amevunja mwiko, wakamfukuza mpishi, wakamfukuza Nyamizi asikanyage pale kabisa. Sauti nazo zikageuka. Nyamizi alikuwa akimwona kwa mbali akijipiga kofi. Zamani zilimwonyesha dhahabu. Sasa zilimtukana kutwa.

Asubuhi moja zilimwambia matimba ndiyo yanayomkaba koo. Akashuka na shoka. Waliokuwa chini walisikia miti inakatwa juu yao, wakapanda wakipigana kwenye kamba. Hakufa mtu. Alipotolewa nje, neno bahati halikusikika tena. Walisema kichaa. Walimpiga wale wale waliokuwa wakimpa mapaja ya kuku, na Amosi ndiye aliyenipigia simu.

"Njoo umchukue ndugu yako. Ni mgonjwa."

"Umejuaje?" nikamuuliza. Akakata.

Nilimfunga kamba ili nimfikishe Shinyanga mjini. Siombi radhi kwa kamba ile. Hospitalini alitupokea muuguzi wa wagonjwa wa akili, Sista Scolastika, mama mnene asiye na haraka. Jambo la kwanza alilofanya ni kuifungua kamba. La pili akauliza, "Ilianza lini?"

"Kabla hawajampa kiti."

Ikabidi nimweleze yote, kiti na kuku na mwiko. Alisikiliza hadi mwisho, hakucheka. Akasema ugonjwa huo unaitwa skizofrenia, una dawa, na wapo wanaoupata wakarudi kazini na kulea watoto. Nikamuuliza kama na huyu atarudi kwenye matimba.

"Atainuka," akasema. "Ila ugonjwa huu ukiachwa muda mrefu bila dawa, kinachorudi kinarudi polepole. Na wakati mwingine hakirudi chote."

"Na angeletwa siku zile za mwanzo?"

"Kwa huyu mmoja siwezi kukuapia, baba. Lakini wanaoletwa mapema, wengi wao huinuka vizuri zaidi. Hilo naliona hapa kila siku."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa bustani, nikamtukana Amosi, mama na babu, kila mtu kwa jina lake.

Mayala aliinuka. Nasema kweli, maana watu wakisikia kichaa wanadhani mtu ameshazikwa. Sauti zilipungua mpaka zikawa kama redio ya jirani. Alianza kulala. Alianza kuoga, na kuoga kukawa ndiyo fahari yake, asubuhi na jioni, mpaka Nyamizi akalalamika sabuni inaisha. Wanaishi kwangu, Nyamizi anauza chapati mbele ya mashine, Kabula anamwita baba na yeye anaitika. Kila mwezi tunapanda gari kwenda Shinyanga kwa sindano.

Lakini mikono ilitetemeka. Walipunguza dawa, wakabadilisha nyingine, mtetemo ukapungua, haukuisha. Na haikuwa mikono tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba na vijiti na kamba ya katani, anajifunza kufunga matimba upya. Anafunga fundo la kwanza, akifika la pili amesahau la kwanza linashika wapi. Anafungua, anaanza. Alifanya hivyo siku nyingi. Sista Scolastika alisema asiache, kichwa nacho kinazoeshwa. Hakuacha.

Juzi Amosi akaja Tinde. Kapungua, shati linampwaya. Ana paja la mbuzi kwenye mfuko. Duara limekauka, akasema, wanatoa udongo tu.

"Kaka Maganga, sikuja kwa ubaya. Naomba sindano moja tu. Airuke moja. Akae na sisi kidogo, asikilize, halafu nitamrudisha mwenyewe kwa gari yangu."

Nilikuwa nimeshika koleo la pumba. Mungu ananijua, nilikuwa nimeshalinyanyua. Mayala akatokea uani, akasimama kati yetu.

"Karibu, bosi," akasema.

"Mayala! Umenenepa kweli, gete! Kiti chako kipo, hakuna aliyekikalia."

Nikaona ndugu yangu anakifikiria kile kiti. Msimlaumu. Pale alikuwa mtu, watu wanamnyamazia akifungua mdomo. Hapa anabeba debe la mahindi na watoto wanamwita Mayala wa Sindano. Nyamizi aliacha chapati ikaungua.

"Nani anafunga matimba?" Mayala akauliza.

"Kuna kijana wa Kahama."

"Nikija, nitafunga mimi?"

Amosi akacheka. Hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo. "Kwa mikono hiyo? Utatuua, fundi! Wewe matimba ya nini tena? Wewe kaa tu."

Mayala aliitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Akaingia ndani. Akatoka na ndoo ya maji na sabuni, akavua shati pale pale uani, jua kali, wateja wa mashine wanaangalia, akajimwagia maji kichwani.

"Acha!" Amosi akaruka kana kwamba ameunguzwa yeye. "Mayala, usioge! Usioge, bwana, tutaongea!"

Mayala akapaka sabuni kichwani, shingoni, kwapani, bila haraka, akimtazama. Amosi aliondoka kabla povu halijasuuzwa. Paja la mbuzi alilisahau. Tulilila.

Lakini Mayala akiwa bado anaoga, sabuni ilimponyoka, ikaingia mchangani. Akainama. Ikateleza. Akaishika, ikateleza tena, na watu wale wote wanaangalia. Niliweka koleo chini nikasogea kuiokota.

"Acha, kaka," akasema, povu limemjaa machoni. "Naiokota mwenyewe."

Nikaacha. Ilimchukua muda mrefu.