Kamusi ya Vitabu Arobaini na Vinane

Kamusi yangu mimi inabebwa kwapani. Ya binti yangu inahitaji ukuta.

Binti yangu haoni tangu kuzaliwa. Anasoma kwa vidole, kwa nukta nundu, na kamusi moja ikiandikwa kwa nukta nundu inakuwa vitabu arobaini na vinane, kila kimoja kilo moja na nusu. Shule aliyosoma ilikuwa inahama jengo na kugawa vitabu vyake, na mkutubi wake akampigia simu.

"Seti ya kamusi ni yako, lakini nione rafu kwanza. Vitabu hivi vinasimama, havilazwi. Ukivirundika, nukta zinabonyea, unabaki na karatasi tupu. Nakuja Jumamosi saa nne. Kama hamna rafu ya maana, nampelekea anayefuata kwenye orodha."

Miaka kumi na tisa mtoto anauliza watu maana za maneno. Mimi namjibu nikiwa na haraka. Baba yake asipojua anatunga. Basi nikanunua mbao.

Jumamosi saa moja asubuhi kabati lilikuwa limesimama sebuleni: rafu mbili, ya chini imelala sakafuni, kila moja mita moja na nusu, wazi mwanzo hadi mwisho bila nguzo katikati, kwa sababu niliona hivyo ndivyo linavyopendeza. Mume wangu alilizunguka kama anakagua gwaride.

"Mke wangu, umeua!"

"Tupime kwanza."

Tukapandisha madumu mawili ya maji katikati ya rafu ya juu. Kilo arobaini, zaidi kidogo ya vitabu ishirini na vinne. Kabati halikulia. Mume wangu akapiga makofi. Binti yangu hakupiga. Alipitisha kiganja chini ya ubao, kushoto hadi kulia, polepole.

"Mama, ubao umebonyea."

"Ubao uko sawa, nauona."

"Wewe unauona. Mimi nimeugusa."

Mume wangu akavuta uzi juu ya ubao toka pembe hadi pembe. Pale katikati, kidole changu kikapita chini ya uzi bila kuugusa. Na hayo yalikuwa maji ya dakika kumi tu. Vitabu vingekaa miaka.

Barazani, kwenye benchi letu, na kikombe chetu cha chai mkononi, alikuwepo jirani yetu fundi seremala. Tunamwita Fundi Msumari, maana dawa yake ni moja.

"Shemeji, gonga misumari minne kila upande!" akapaza sauti.

"Pembeni pamekaza. Panapopinda ni katikati. Mtu anaumwa goti, wewe unampa dawa ya kikohozi?"

"Haraka haraka haina baraka, shemeji."

"Na kukaa kuna baraka gani?"

"Nusu mita!" akasema binti yangu ghafla. "Mama, weka nguzo kila nusu mita. Ubao mfupi haupindi. Halafu nikichomoa kitabu kimoja vingine havianguki, na nitahesabu kwa mkono: vinane, vinane, vinane."

"Kwa nini hukusema juzi?"

"Juzi ulikuwa unapendezesha."

Ilikuwa saa mbili kasorobo. Nilihitaji nguzo nne, mbao zilikuwa zimekwisha, na duka la mbao Jumamosi linafunguliwa saa nne. Nikatazama huku, nikatazama kule. Kisha nikatoka barazani na msumeno. Lile benchi lilikuwa la ubao mmoja mnene, upana uleule wa rafu zangu.

"Inuka, shemeji."

"Lakini chai..."

"Inuka nayo."

"Benchi langu!" mume wangu akalalamika. "Nimelikalia miaka kumi!"

"Leo linaanza kazi. Shika huku."

Nilikata kipande cha kwanza. Fundi Msumari alivumilia kidogo, akaweka kikombe chini, akaninyang'anya msumeno. "Unakata kama mkate. Lete." Haki yake nimpe: vitatu vilivyobaki vilinyooka kama rula. Alipotia mkono mfukoni kutafuta misumari, binti yangu akamjazia kiganja skrubu.

"Hizi, fundi."

"Nyumba hii ina wakubwa wawili," akanung'unika, lakini akachukua bisibisi.

Kila nguzo ya juu tukaisimamisha sawasawa na ile ya chini yake, mzigo ushuke wima mpaka sakafuni. Kisha tukalifunga kabati ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, lisije likamlalia mtu.

Saa nne kasoro dakika saba, madumu yakarudi juu. Uzi ukavutwa. Kidole hakikupita, hata ukucha. Binti yangu akapitisha kiganja.

"Umenyooka!" Akaruka, akanikanyaga mguu, na wala sikuusikia.

Gari likapiga honi. Mkutubi, mwanamke mfupi mwenye miwani, hakupoteza muda kwa salamu. Alilishika kabati kwa mikono miwili akalitikisa. Aliyetikisika ni yeye.

"Nani fundi?"

Fundi Msumari akasafisha koo.

"Mimi," nikamuwahi. "Na mpimaji ni binti yangu."

"Leteni maboksi."

Tulibeba mbiombio, tukigongana mlangoni. Binti yangu alipokea kila kitabu, akasoma namba yake kwa kidole, akakipa nafasi yake. Cha arobaini na nane kilipoingia hakupumzika. Mkono ukatembea juu ya migongo ya vitabu, ukahesabu, ukasimama, ukachomoa kimoja. Vingine vikabaki wima. Akaketi sakafuni, vidole vikaanza kukimbia.

"Unatafuta neno gani?" nikauliza kwa mazoea, mdomo ukiwa tayari kwa jibu.

"Siwaambii."

"Ni tusi?" akauliza baba yake.

"Baba!"

Alicheka, lakini vidole havikusimama. Vikashuka ukurasa, vikarudi mstari mmoja, vikatulia.

"Kumbe!" akasema, si kwetu. Akakirudisha kitabu mahali pake, akachomoa kingine.