Ncha Mbili za Mkate

Tangu mumewe Rüstem afariki, Nezihe alikuwa amepungua kilo kumi na moja, na mtaa mzima ulikuwa umeamua kumpongeza.

"Mashallah, shoga! Umekuwa mwari!" alisema Saadet, jirani wa ghorofa ya chini, akimshika kiuno pale ngazini bila haya. "Hebu nipe siri. Unakula nini?"

"Nimeacha mkate," Nezihe akajibu, akaendelea kupanda.

Hakusema uongo. Januari, Rüstem akiwa bado hai, daktari alimtazama magoti, akamtazama na usoni, akamwambia basi: mkate, wali mweupe, makaroni, biskuti, vyote basi. Nezihe hakuwa mtu wa nusu nusu. Siku ileile alimpa Saadet kasha la kuwekea mkate, likiwa na mkate wake ndani, akamtangazia mumewe, "Kama mimi sili, humu ndani hauliwi. Nikiuona nitaushambulia."

Rüstem, dereva wa lori mstaafu, katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kufikisha mkate nyumbani ukiwa mzima. Ncha moja lazima iliwe njiani, ikiwa moto. Lakini alisema tu, "Sawa, mke wangu." Kuanzia hapo alikula kwa uma, akiufukuza mchuzi huku na huku kwenye sahani mpaka ukamshinda.

Jioni ya mwisho walikula maharagwe meupe kwa mchuzi wa nyanya.

"Hata kipande kimoja?" aliuliza Rüstem.

"Hata kimoja. Usinitie majaribuni."

Akacheka, akainamisha sahani akanywa mchuzi. Kesho yake asubuhi alitoka kununua gazeti, akarudi, akaketi mlangoni kuvua viatu. Alivua kimoja. Moyo haukumpa nafasi ya kuvua cha pili.

Nezihe hakulia mumewe alipokuwa anaoshwa wala alipozikwa. Watu wakasema ana subira, na binti yake Gülay akaamini hivyo. Haikuwa subira. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi, na ndani ya ganzi hiyo kulikuwa na wazo moja tu lililokaa halitoki: mume wangu amekufa akitamani mkate, na mimi ndiye niliyemnyima. Hakumwambia mtu. Aliamka, akanywa chai, akatafuna tango lisilo na ladha, akalala. Nguo zikampwaya. Dayati gani tena ingemsumbua, wakati chakula chote kilikuwa kama pamba mdomoni?

Arobaini ilipokaribia, Gülay alitaka kwenda kuagiza mikate ya hitima.

"Kaa," Nezihe akamwambia. "Ya baba yako nitaagiza mwenyewe."

Hakuwa ameingia kwa Bedri mwokaji tangu Januari. Bedri alipomwona alipangusa mikono kwenye aproni, akainamisha macho.

"Pole, shemeji."

"Asante. Nataka mikate mia, Ijumaa, kabla ya adhuhuri."

Bedri akaandika. "Umepungua sana, shemeji. Ule."

"Tuliacha mkate. Mimi na marehemu, sote wawili."

Kalamu ikasimama. Bedri akakohoa, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Na... na yeye Rüstem aliacha?"

"Na yeye. Nilimwachisha mimi. Wiki sita za mwisho za maisha yake hakuonja."

"Shemeji, niliapishwa nisiseme." Bedri aliiweka kalamu chini. "Lakini aliyeniapisha hayupo, na wewe siwezi kukuacha hivyo. Alikuwa anakuja kila siku. Saa moja na nusu, hapo hapo uliposimama. Gazeti kwapani, jibini kwenye karatasi mfukoni. Anachukua mmoja wa moto, anavunja ncha, anakula amesimama. Unaobaki anawamegea njiwa wa msikitini. Halafu ananiletea masharubu yake niyakague: 'Tazama vizuri, Bedri! Nezihe akiona chembe moja, nimekwisha!'"

Nezihe alishika meza kwa mikono miwili. Akakumbuka pipi za mnanaa ambazo Rüstem alianza kuzimung'unya ghafla msimu ule wa baridi. Yeye alidhani ni meno yanamsumbua.

"Na siku ile?" aliuliza. "Siku ile aliyokufa, alikuja?"

"Alikuja. Siku ile alikula ncha zote mbili. Nikamwambia, kaka, leo vipi? Akasema, 'Jana nimeramba sahani kama paka. Leo najilipa.'"

Kitu kikapanda kutoka tumboni kwa Nezihe. Alidhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko.

"Mwongo!" akaliambia dirisha. "Mwongo mkubwa wewe, Rüstem! Wiki sita!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki, mengi, ya siku arobaini kwa mkupuo. Wateja wawili mlangoni wakarudi nyuma kumpisha alie.

Bedri hakujua la kufanya, kwa hiyo akafanya analolijua. Alichomoa mkate mmoja tanuruni, akamwekea mbele.

Nezihe akavunja ncha, akaitia mdomoni vilevile inafuka moshi. Ilimuunguza ulimi, na aliusikia ule moto.