Fundi Aliyegawanyika Saa Nne Asubuhi

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, fundi wa maabara alinawa mikono, akavaa glavu, akatoa sahani saba za seli kwenye kabati la joto. Ya tatu ilikuwa imeota ukungu, akaitupa. Sita zilizobaki alizipanga kando ya darubini, kisha akakaa akiwa ameegemea kushoto kama kawaida yake. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi, na ombi la kiti kipya lilikuwa bado linazunguka maofisini.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutazama seli zikigawanyika. Seli inapotaka kuwa mbili, hutandaza nyuzi kutoka ncha zake mbili, nyembamba kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Nyuzi hizo hukishika kila kinachopaswa kurithiwa, hukipanga katikati, halafu huvuta, nusu huku na nusu kule. Fundi alizitia rangi ya kijani ili zionekane, akazipiga picha. Zikikaa katikati, seli huzaa pacha. Zikikaa upande, huzaa ndugu wasiofanana, kila mmoja akakua kivyake. Mwaka uliopita fundi aligundua kitu gani hasa huzisukuma zikae upande. Akaandika kwenye daftari, akamwonyesha Profesa.

"Ahaa," alisema Profesa.

Kesho yake Profesa alimsimulia Daktari, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Haikupita wiki mbili, wakawa hawasalimiani. Kila mmoja alidai wazo ni lake.

Uongozi ukaamua maabara igawanywe: Profesa abaki chini, Daktari ahamie ghorofani. Darubini zilikuwa mbili, makabati ya joto mawili, majokofu mawili. Fundi alikuwa mmoja.

"Hilo nalo tutaliona," alisema Mkuu wa Utumishi.

Basi siku hiyo ya sahani sita, ilipotimu saa nne na robo, fundi alihisi mabega yanavutwa. Akajitazama, akaona nyuzi za kijani zimechomoza bega hili na bega lile, zinakuja kukutana kifuani. Alizitambua papo hapo. Akazima taa ya darubini isiwake bure, akafunika sahani, akatulia.

Kila kilichokuwa ndani yake kikaja kujipanga katikati: namba ya simu ya mama yake, maumivu ya goti, vipimo vya rangi, kicheko cha marehemu baba yake. Jina la mwalimu wake wa darasa la pili lilichelewa, na nyuzi zikalisubiri, maana huwa hazivuti mpaka cha mwisho kishikwe. Hilo fundi alilijua. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi: kwa vile alikuwa ameegemea, nyuzi zilikuwa zimekaa upande.

Daktari akafungua mlango. "Zile picha tayari?"

"Bado. Nagawanyika."

"Utachukua muda gani?"

"Kama dakika arobaini hivi."

"Haya, nitarudi."

Mfereji wa kumtenganisha ulianzia utosini, ukashuka taratibu. Kufikia saa tano walikuwa wawili. Koti lilibaki kwa mmoja, mwenzake akachukua jingine msumarini. Wakagawana sahani tatu tatu, na mmoja akapanda ngazi.

Mkuu wa Utumishi aliwaita mchana. "Namba ya utumishi ni moja," alisema. "Daftari la mahudhurio lina mstari mmoja. Mtabanana."

"Tutabanana," wakajibu pamoja. Mkuu akafurahi kwamba jambo limekwisha bila kikao.

Nyumbani mama yao alikuwa anakunja nguo. Akawatazama wote wawili, akaweka chini shuka.

"Mmoja nilimzaa kwa uchungu," alisema, "na huyu wa pili kaja bwerere. Karibuni. Mmoja akaanue zilizobaki."

Haikuchukua wiki mama akaanza kuona tofauti. Yule wa chini alisimulia habari za ugunduzi bila kusahau kitu: ilikuwa siku gani, sahani ya ngapi, Profesa alivaa shati gani.

"Na hao wakakunyang'anya?" mama aliuliza.

"Wakaninyang'anya," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba jana kulinyesha, akaendelea kufuta meza.

Wa ghorofani alibamiza milango. Alisugua sufuria mpaka mpini ukang'oka, akagombana na bomba.

"Una nini, mwanangu?"

"Nina hasira, mama."

"Umemkasirikia nani?"

"Sijui. Nimetafuta, sioni."

Mama akawakalisha kwenye benchi moja. "Haya, mweleze mwenzako." Wa chini akaeleza yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka tarehe. Wa ghorofani alisikiliza kwa adabu. "Pole sana," alisema, kama unavyompa pole mtu usiyemjua kituoni, kisha akainuka kwenda kupigana na kitasa cha dirisha.

"Mmoja kaondoka na kisa, mwingine na uchungu wake," mama alisema. "Mngekuwa nguo ningewashona."

Miezi minane baadaye chuo kiliandaa mkutano. Profesa na Daktari walikuwa wamepatanishwa, wakapewa tuzo moja ya pamoja, na sasa walisimama bega kwa bega mbele ya picha za nyuzi za kijani. Mafundi walikaa safu ya tatu. Profesa alieleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa bafuni. Daktari akaongeza kwamba yeye alikwisha kulihisi tangu zamani. Watu wakapiga makofi. Wa chini naye akapiga, huku akisahihisha kimoyomoyo tarehe iliyokosewa kwenye picha ya nne.

Wa ghorofani akasimama.

Profesa alimtazama, jasho likamtoka. Daktari akaanza kukagua viatu vyake.

"Ndiyo, dada," alisema mwenyekiti. "Una la kusema?"

Akafungua kinywa. Hasira ilikuwa imempanda, na watu wote wakasubiri kwa heshima. Alitafuta juu, akatafuta chini. Pembeni yake ndugu yake alimtazama kwa upole, kama mtu mwenye jibu ambalo haoni kwa nini alitoe.

"Kuna joto," alisema hatimaye. "Naomba madirisha yafunguliwe."

Yakafunguliwa. Profesa akanywa maji, akaenda kwenye picha inayofuata.