Hedifoni Nzito

Asubuhi hiyo Chembe alikuwa nyuma ya kinu cha mama yake cha kusaga unga, anakung'uta magunia, na alikuwa anayakung'uta kama yamemtukana. Pa! Unga unaruka. Pa! Unaingia kwenye miwani. Mama yake akachungulia mlangoni.

"Wewe, hilo gunia limekukosea nini?"

Chembe hakujibu. Hilo halikuwa jambo geni, Chembe si mtu wa kujibu. Ndiyo maana wakamwita Chembe: mdogo, mkimya, ukimdondosha katikati ya watu humwoni tena. Ila jana yake alikuwa ameonekana. Shule nzima ilimwona, na hakuna siku aliyotamani ardhi ipasuke kama hiyo.

Jana shule ilikuwa inamuaga mpishi. Mpishi huyo ni mama mtu mzima mwenye sauti nene kama ngoma, akisema "chakula!" jikoni, darasa la mwisho kabisa wanafunga vitabu. Chembe alikuwa anampenda kwa sababu moja tu. Kila siku kwenye foleni watoto wanasukumana, Chembe anabaki mkiani, na kila siku mpishi anaita, "Mwanangu wa nyuma, upo? Ukoko wako nimekuwekea." Basi. Mtu mmoja katika shule nzima aliyekuwa anaangalia kama yupo.

Kwa hiyo mwalimu wa klabu ya redio aliposema anatafuta mtu wa kumrekodi mpishi, Chembe alinyoosha mkono. Mwalimu alishtuka mpaka akaangusha chaki. Chembe akaenda jikoni na simu, akamrekodi mpishi anasimulia maisha yake, anacheka, anawakumbuka watoto ambao sasa hivi wana watoto wao. Tatizo lilikuwa feni ya kutolea moshi. Ilikuwa inanguruma nyuma ya maneno yote. Ilibidi mtu akae chini, asikilize vizuri, apunguze ule mngurumo bila kuigusa sauti ya mpishi.

Sasa usikilize vizuri wapi, nyumbani kwenyewe ni kinu? Chembe na mama yake wanaishi chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mashine. Kinu kikiwaka, vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Zile spika ndogo za kuchomeka masikioni zinaingiza kelele yote, halafu zinadondoka. Alihitaji hedifoni kubwa, za kufunika sikio zima. Na ziwe za bei ya watu kama wao.

Alizipata. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma zaidi. Alizipata!

Zilikuwa kwa Dada Waya, yule anayeuza na kutengeneza redio karibu na shule. Dada Waya hapigi kelele dukani kwake, wala haweki muziki. Alimpa Chembe kiti.

"Vaa. Usiniambie ni nzuri kabla wimbo mzima haujaisha. Mtu akivaa kwa dakika moja kila kitu ni kizuri, hata kiatu kinachobana."

Chembe akavaa. Mito ilikuwa laini, mipana, sikio zima likaingia ndani bila kukunjwa, na miwani haikumchoma pembeni.

"Tikisa kichwa. Zimecheza? Hazijacheza. Haya, sasa weka sauti ya mtu unayemjua. Punguza, usiongeze. Kitu kibaya ukikiongezea sauti kinajificha."

Chembe aliweka sauti ya mpishi. Akasikia feni kule, mpishi huku, kila mmoja amekaa mahali pake. Kabla ya kucheka, mpishi alivuta pumzi kidogo. Hiyo pumzi Chembe hakuwahi kuisikia. Zilikuwa hedifoni za waya, nyeusi, hazina taa wala mbwembwe, nyepesi hata unasahau umezivaa.

Alirudi nyumbani anakimbia. Na alipomwambia mama, mama akasema kile anachosema siku zote.

"Kwa Dada Waya? Na mjomba wako ana duka la vitu hivyohivyo? Watu watasemaje? Dada anamnyima kaka yake riziki?"

Mjomba ni kaka wa mama, mdogo wake wa mwisho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mjomba alikuwa anajitembeza mpaka anatoka jasho. Alikuja jioni ileile na mfuko.

"Mpwa wangu! Msomi wangu! Nimekuletea mashine, si hedifoni." Akazitoa. Zinawaka taa rangi ya zambarau. "Hii ina besi, mpwa. Besi mpaka meno yanacheza."

"Mjomba," Chembe akasema, sauti imeingia tumboni, "mimi nataka za kusikiliza mtu anaongea."

"Zinasikiliza mtu, zinasikiliza ng'ombe, zinasikiliza mpaka mawazo. Dada, hebu shika hizi." Akampa mama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama ni mtu wa kinu. Maisha yake yote anapima kwa kiganja. Akishika mahindi anakuambia haya yamekauka, haya yameliwa na wadudu, haya mmechanganya na ya mwaka juzi, na hakosei. Lakini anapima kila kitu hivyohivyo: sufuria, viatu, hata daftari. Kizito ndicho kizuri, chepesi ni pumba. Akazipandisha na kuzishusha zile hedifoni kiganjani.

"Hizi zina kitu ndani," akasema.

"Si ndiyo hapo, dada! Wewe huwezi kudanganywa."

"Mama, zile nyingine—"

"Zile nyingine umesema nyepesi, unasahau umezivaa. Kitu cha hela unasahauje umekivaa? Chukua hizi, mshukuru mjomba wako."

Mama akamhesabia mjomba hela, Chembe akashukuru. Ndiyo, alishukuru! Alivaa zile hedifoni siku zote za kazi. Mito ilikuwa midogo, inakalia sikio badala ya kulifunika, inasukuma miwani kwenye mfupa. Shingo ilimuuma. Masikio yalikuwa mekundu kama yamevutwa na mwalimu. Na zilikuwa zinavuma. Kila kitu kilivuma, feni ilivuma, mpishi alivuma, hata kimya kilivuma. Akapunguza mvumo, ukabaki. Akapunguza tena. Kumbe alichokuwa anapunguza si feni, ni mpishi mwenyewe, ile sauti nene. Angejuaje?

Basi jana wakaiweka kwenye spika kubwa uwanjani, mpishi amekaa mbele kwenye kiti cha mgeni, amevaa gauni jipya. Ikatoka sauti nyembamba, kali, inalia kama mbu kwenye debe. Na feni nyuma yake, ng'wooo, haijapungua hata kidogo. Watoto wakavunjika mbavu. Mmoja akaanza kuigiza mlio wa mbu, wote wakafuata. Mwalimu akazima haraka, lakini mpishi alikuwa ameshainama, anaangalia mikono yake. Alifikiri wamemtengenezea mzaha siku yake ya mwisho. Alipopita karibu na Chembe hakuita mwanangu wa nyuma. Alipita tu.

Jioni mwalimu akatuma ujumbe: mpishi anarudi Jumatatu kuchukua vyombo vyake, baada ya hapo anahamia kwa watoto wake, mbali. Kama Chembe anaweza kuirekebisha kabla ya hapo, ataiweka tena mbele ya shule. Kama hawezi, basi.

Ndiyo maana magunia yalikuwa yanapigwa.

Gunia la mwisho lilipoisha, hasira haikuisha. Chembe akaingia ndani, akachukua hedifoni, akachukua bisibisi ya kinu. Akafungua upande wa kulia. Spika iliyokuwa ndani ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati. Na pembeni yake, imegandishwa kwa gundi, ilikuwa nati. Nati ya chuma, nene, haina kazi yoyote. Akafungua kushoto. Nati nyingine.

Alizikodolea macho. Alifikiri labda haelewi vitu hivi. Akavuta waya: haukugusa nati. Hakuna kilichogusa nati. Ziliwekwa ziwe nzito, basi.

Akatoka nazo mpaka kwenye mashine. Mama alikuwa anamimina mahindi, wateja wamepanga ndoo mpaka nje.

"Mungu wangu! Umevunja kitu cha watu!" Ilibidi mama apige kelele, kinu kinanguruma. "Una wazimu? Mjomba wako akuletee zawadi, wewe unachukua bisibisi?"

"Haikuwa zawadi! Tulinunua!"

"Usinipandishie sauti! Hasira hasara, mwanangu."

"Hasara imeshatangulia, mama!" Wateja wakageuka. Hawakuwahi kumsikia huyu mtoto. "Shika!"

Akamtilia mama zile hedifoni mkononi. Mama akazipandisha kiganjani kwa mazoea, na uso ukabadilika. Pumba. Kisha Chembe akamwekea nati mbili kwenye kiganja kingine.

Mama akazifuta unga kwa kanga, akazigeuza, akazisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mama huyu ana tabia moja: kila nati ya kinu chake anaikatia alama kwa tupa, mkato mmoja ubavuni, ili fundi asije akambadilishia kwa mbovu. Ameikatia hivyo hata nati ya kiti.

Nati zote mbili zilikuwa na mkato.

"Alikuja hapa," mama akasema taratibu. "Akaniomba lile kopo la vyuma chakavu. Nikamuuliza vya nini. Akasema, dada, vyuma havikosi kazi. Nikacheka. Nikambebea mwenyewe mpaka mlangoni." Akafumba kiganja. "Ameniuzia chuma changu. Kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, ananiuzia chuma changu mwenyewe kwa kiganja changu mwenyewe!"

"Mama Kinu, mahindi yangu..." mteja mmoja akaanza.

"Subiri!"

Chembe alikuwa ameshatoa simu. Mjomba alikuwa safarini kufuata mzigo, hatarudi kabla ya Jumanne, kwa hiyo hakuna wa kumfuata. Mama akamwona. Chembe akasubiri aambiwe mjomba ni mjomba, mkubwa hakosolewi, nyamaza. Mama akanyoosha mkono kwenye swichi, akakata.

Kinu kikashuka, kikashuka, kikanyamaza. Vikombe vikatulia chumba cha nyuma.

"Umeme umekatika?" mtu akaita kutoka nje.

"Haujakatika. Nimekata mimi. Mtoto anaongea."

Chembe akabonyeza kurekodi. Kwanza akadondosha nati moja kwenye sahani ya mizani, kisha ya pili, zikagonga chuma kwa mlio mkali. Safari hii sauti ilitoka.

"Mjomba. Hizo ulizosikia ni nati za mama. Zilikuwa ndani ya hedifoni. Nilikuambia nataka za kusikiliza mtu anaongea, ukacheka. Yule mtu alikuwa mpishi wetu. Jana amechekwa na shule nzima, siku ya kuagwa, na anadhani ni mimi nimemfanyia. Jumatatu anaondoka. Rudisha hela ya mama leo, tuma kwa simu, nikanunue zile nyepesi kabla Dada Waya hajafunga. Usiniite mpwa. Tuma kwanza."

Akaachia. Ujumbe ukaenda.

Wateja walisimama na ndoo zao, hakuna aliyelalamika. Mama aliegemea mashine, nati zimo kwenye ngumi. Alama mbili zikatokea kwenye simu, na baada ya muda zikageuka buluu. Amesikiliza.

Nje, jua lilikuwa limeshahama kutoka mlangoni kwenda kwenye ndoo za mwisho. Chembe hakuweka simu chini.

Mjomba, ambaye hajawahi kukosa neno, hakujibu.